Aliyesema Katuni ni za Watoto

Faida, mwanangu,

Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam, na mimi nimekasirika. Sijakukasirikia wewe. Nakuambia mapema ili usiisome barua hii ukijitafutia kosa katika kila mstari. Mambo ya safari tumeshayamaliza kwa mdomo: pasi iko wapi, chakula kiko wapi, nani wa kumpigia mkifika mpakani. Sitayarudia. Naandika yale ambayo jana sikuyasema mbele ya wageni, na ambayo leo mchana yamenipeleka mpaka mtaa wa Rohero kwa miguu, maana mafuta hakuna na mabasi ya mjini hakuna. Nimerudi sasa hivi. Wewe bado uko kwa msusi. Nimekaa kwenye benchi la mbele la sinema yetu, mlango nimeufunga, nikuandikie kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kusema uongo wa adabu, na uongo wa adabu nimeusema miaka mingi.

Nakuandikia Kiswahili cha darasani, kile nilichofundishwa Uvira na mwalimu aliyekuwa akituchapa tukisema "mutu" na "bantu" badala ya mtu na watu. Lakini watu wetu nitawaacha waseme kama wanavyosema. Siwezi kuwavalisha koti.

Jana ukoo wote ulikuja kukuaga. Baba mukubwa Evariste, kaka wa marehemu baba yako, ambaye tangu msiba ule ndiye mwenye neno la mwisho katika familia, alisimama na glasi ya soda mkononi. Akakuwekea mkono kichwani.

"Faida, mutoto wa mudogo wangu," akasema, "wenzako wanaenda ingine inchi kusoma udaktari, kusoma sheria. We unaenda kusemea bikatuni. Bikatuni ya Bajapani! Tunakuombea Mungu akutoe mu mambo ya batoto, akuingize mu ya bakubwa."

Watu wakacheka. Wengine wakaitika amina. Ukainamisha kichwa ukasema, "Merci, baba mukubwa." Na mimi, mama yako, nilichukua upawa nikaendelea kupakua wali kama vile hakuna kilichosemwa. Hasira ilinikuta hapo, na upawa mkononi.

Mambo ya watoto! Yeye aseme hivyo! Wewe hujui kwa nini maneno hayo yameniuma hivi, kwa sababu kuna jambo sikukuambia. Ngoja nilifikie kwa utaratibu.

Sinema hii unaijua ilivyoanza, lakini uliiona kwa macho ya mtoto. Baba yako alipofariki alituachia televisheni kubwa, jenereta, mabenchi na chumba hiki chenye paa la mabati. Watu walinishauri niuze vyote. Mwanamke hawezi kuendesha sinema, walisema, wanaume watamletea fujo. Nikakataa. Jioni niliweka mpira, nikasimama mlangoni na ufagio, na aliyeleta fujo alitoka anajua ufagio una mti upande gani. Jumamosi asubuhi niliweka katuni. Na mimi pia kichwani mwangu zilikuwa za watoto, kama uji. Kijana aliyekuwa akinijazia flashi alinipa za Kijapani kwa sababu za aina nyingine zilikuwa zimemwishia. Hakukuwa na sababu nyingine.

Waliongea Kijapani, na chini yake kimeandikwa Kifaransa. Watoto wa mtaa wetu wa Cibitoke wakaanza kelele: "Wanasema nini? Wanasema nini?" Wewe ulikuwa darasa la tano. Ulikwenda ukasimama kando ya kioo, ukaanza kuwasomea kwa Kiswahili. Mwanzoni ulisoma kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Kisha ajuza mmoja mle ndani ya hadithi akakohoa, na wewe ukakohoa. Ulikohoa kikohozi cha ajuza kabisa, kile kinachotoka chini ya mbavu. Nilishtuka mimi mwenyewe pale mlangoni, nikageuka kutazama ni mzee gani ameingia bila kunipita.

Kwa muda mrefu nilikaa hivyo, mgongo kwenye kioo na uso kwa watu, ili nione wanaoingia. Kwa hiyo sikuziona katuni. Niliona nyuso, na nyuso zikaanza kukomaa. Mama Jakline muuza mboga alikuja kumchukua mwanawe, beseni la lengalenga kichwani. Akasema anasimama kidogo tu. Baadaye akatua beseni. Baadaye akakaa. Mboga zikanyauka zote siku ile, na Jumamosi iliyofuata alikuja bila beseni. Akafuata Kabura, yule fundi wa kuchomelea vyuma, macho mekundu kwa moto wa kazi, ndevu hadi shingoni. Akafuata polisi mmoja aliyevua kofia akaificha chini ya benchi.

Siku moja nikamzuia Kabura mlangoni.

"We Kabura, mutu mukubwa na ndevu, unafuata nini huku na batoto?"

"Wanapika, Mama Faida."

"Wanapika nini?"

"Chakula. Mu filimu ingine mutu anasema niko na njaa, pale pale sahani iko kwa meza. Huku wanakata kitunguu mupaka kinaisha. Naona mvuke inapanda. Mi naishi peke yangu. Hakuna mutu anakata kitunguu mbele yangu."

Nikamwachia njia apite.

Mama Jakline naye alinijibu bila kuondoa macho kwenye kioo. "Mu zile filimu za bunduki, mutu mubaya anakufa, tunapiga mikono, tunaenda kulala. Huku wananionyesha mama yake. Sasa nitapiga mikono namna gani na nimeshaona mama yake?" Sikumuuliza zaidi. Katika mji huu kila mmoja wetu anaijua nyumba ya mama wa mtu mbaya fulani, na anapita mbele yake akienda sokoni.

Yule polisi alisema anapenda rangi. Nikamwacha na rangi zake.

Ndipo nikaligeuza benchi langu, nikaanza kuangalia na mimi. Nikaona kitu ambacho sijaona kwa wanaojiita watu wazima wa familia hii. Mtoto anauliza kama mama atapona, na hawamdanganyi. Mzee anataka kuruka angani, na hawamcheki. Mvua inanyesha, na hadithi inangoja inyeshe. Hakuna aliyekuwa akikimbizwa. Mtoto wa miaka sita alipata chake, Kabura akapata chake, katika picha ile ile, na hakuna aliyekuwa amemwibia mwenzake.

Sasa nikukumbushe babu yako.

Vita ilipofika Uvira miaka ile, baba yangu alivuka mto Ruzizi wa mpakani peke yake. Alifika hapa na koti na redio isiyo na betri. Nyanya yako hakuwa naye. Tulimuuliza mara moja, akatazama ukuta, hatukurudia. Alikuwa anakula tunachompa, anasema asante, anakaa. Nilikuwa nimefiwa na mama yangu na sikujua namna, wala mahali. Nilikuwa nalia jikoni kwa sababu ya kitu nisichoweza hata kukielezea kwa jirani.

Jumamosi ile aliingia sinemani kwa sababu nyumbani kulikuwa na joto. Akakaa nyuma. Unakumbuka hadithi yenyewe: mzee mtengenezaji wa ndoo za mbao milimani, mkewe amekwisha kufa kabla hadithi haijaanza, mjukuu wake ametumwa kukaa naye. Hakuna vita, hakuna jini. Mzee anachota maji, anapika, anaweka mabakuli matatu mezani. Anayatazama. Kisha anainua moja, analifuta ingawa ni safi, analirudisha kabatini. Kwa muda mrefu hakuna anayesema kitu.

Ulikuwa umesimama kando ya kioo, huna cha kusoma, maana hapakuandikwa neno. Msomaji mwingine angejaza pengo lile kwa maneno yake. Wewe ulinyamaza na mikono yako umeishusha. Hapo tukasikia sauti kutoka nyuma.

"Mi sikumuzika."

Watoto wote wakageuka.

"Nilimufunika na kitenge yake," babu akasema. Hakuwa akitwambia sisi, alikuwa akimwambia yule mzee wa kwenye kioo. "Bunduki zilikuwa zinalia. Nikamulaza mu shamba ya mihogo. Nikaweka mawe kidogo. Bantu walikuwa wananivuta, twende, twende. Sikumuzika."

Mimi nilishika ufagio kama mtu anayeshika ukuta. Ni mwana wa Mama Jakline, yule mdogo ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, aliyeuliza: "Alikuwa anaitwa nani?"

Babu akamtazama mtoto yule. "Feza," akasema. "Bibi yangu anaitwa Feza."

"Feza," mtoto akarudia, kama anayejifunza neno jipya shuleni, halafu akageuka kuendelea kuangalia.

Jioni ile babu yako alipokuwa anakula aliomba chumvi. Alikuwa hajaomba kitu tangu aje. Na baada ya chumvi akaanza kusimulia, na hakuacha tena. Alitusimulia habari za mama yangu mpaka tukachoka kusikiliza, mpaka tukawa tunamkatiza: "Hiyo ulishatuambia." Hata alipofariki naye msimu wa mvua, tulimzika mtu aliyekuwa ameshasema yote. Mimi nilipata kumlilia mama yangu kama watu wanavyolilia mama zao. Nilipewa haki hiyo na katuni, kwenye chumba kilichojaa watoto wenye makamasi. Halafu mtu asimame na soda mkononi mbele yangu.

Maneno yalifika Rohero, nyumbani kwa baba mukubwa, upesi. Walisema mzee mmoja ameongea na wafu ndani ya sinema ya Mama Faida. Baba mukubwa hakuja kumpa babu yako pole ya mkewe. Alikuja na wanaume wa kikundi chao cha sala.

"Unaita bantu bakufa mu nyumba ya mudogo wangu," akaniambia hapa hapa mlangoni.

"Hakuna mutu ameita bantu bakufa. Baba yangu amelilia bibi yake."

"Juu ya katuni?"

"Juu ya katuni."

"Mutu mukubwa halii juu ya katuni, Mama Faida. Hiyo ni pepo." Akawageukia wenzake. "Beba hiyo tele. Ni ya mudogo wangu, inarudi kwetu."

Uliukamata waya wa televisheni kwa mikono miwili. Mmoja wao alikusukuma, ukaangukia kona ya benchi, kidevu kikapasuka. Nilipoona damu nilisema neno ambalo mpaka leo linaniuma. Nilisema, "Faida, acha." Sikumwambia yeye aache. Nilikuambia wewe.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja hivyo hivyo, wakakaa wanatazama ukuta mtupu. Ulisimama pale pale, plasta kidevuni, ukaanza kusema hadithi nzima kwa kichwa, sauti baada ya sauti, mvua ukainyesha kwa mdomo. Kabura alikuja. Alikaa mpaka mwisho. Nilifikiri: huyu mtoto hawezi kunyang'anywa kitu.

Sasa nakuja kwenye lile nililokuficha.

Baada ya siku chache nilikwenda Rohero kuomba televisheni yetu. Uliniuliza niliporudi, nikakuambia, "Wamesema watafikiria." Nilisema uongo. Geti lilikuwa wazi, mama mukubwa Daforoza alikuwa ametoka. Nikiwa uani nikasikia Kijapani kutoka sebuleni. Nikachungulia dirishani.

Televisheni yetu ilikuwa mezani, imewashwa, na flashi yetu bado imo. Mjukuu wake alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi. Na baba mukubwa, mtu mzima wa kikundi cha sala, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha yule mtoto, magoti karibu na masikio, miwani kaivua. Ilikuwa ile hadithi ya kijana anayerudi kijijini baada ya miaka. Baba yake yuko juu ya paa anatengeneza vigae. Anamwona mwanawe anakuja kwa mbali, na hashuki. Anaendelea kupiga msumari ule ule uliokwisha kuingia, kwa sababu hajui atashuka na neno gani. Baba mukubwa alikuwa analia, Faida. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kola. Unajua habari za mwanawe Fidele, walivyotukanana katika sebule ile ile, kijana akabeba begi, mpaka leo hapigi simu.

Nikabisha hodi. Akazima haraka, akavaa miwani.

"Ni mutoto anaangalia," akasema.

Mtoto alikuwa anakoroma. Nikamtazama mtoto, nikamtazama yeye. Na unajua nilijibu nini? "Ndiyo, baba mukubwa. Ni mutoto."

Wiki ile ile televisheni ililetwa na gari, bila salamu. Wewe ulidhani maombi yamemlainisha, ukacheza uani, nami nikakuacha ucheze. Hatukuandikiana mkataba, lakini wote wawili tuliujua: yeye anarudisha televisheni, mimi namrudishia uso wake. Nikaliita jambo hilo heshima. Nilijisifu moyoni kwamba mimi ni mwanamke wa busara, najua kufunika aibu ya mkubwa. Miaka yote hii nimebeba sahani za chakula kwake siku za sikukuu nikiwa na busara yangu.

Na jana akaitumia. Alijua sitasema. Aliweka mkono wake juu ya kichwa chako, akasema mbele ya watu mambo ya batoto, na macho yake yakanipitia mimi, yakaona upawa unaendelea kupakua, yakatulia. Mtu asiyezijua katuni akizidharau, hanisumbui. Hajaziona, basi. Anayenichoma ni yule aliyekaa kwenye kigoda, akakuta ndani ya katuni kitu ambacho mahubiri yote hayakuweza kumpa, kisha akatoka nje akafuta mdomo na kucheka na wanaocheka. Huyo anamfanya mtoto wangu aone haya kwa kitu kile kile kinachomponya yeye.

Jifunze kwangu hapo, kama unataka kujifunza kitu. Ukimfunikia mtu aibu yake, angalia anakwenda kumvua nani.

Na hasira hii haikuanza jana. Siku ulipofanya kwa simu jaribio la sauti la kazi hii ya kutia Kiswahili kwenye katuni, nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia yule bwana wa Dar atakayekuajiri. "Sauti nzuri sana, dada," akasema, "ila hiyo 'mutoto' na 'bantu' yenu, loo! Tutakunyoosha." Akacheka. Ukacheka naye, kwa adabu. Baadaye nikakukuta uani unafua, unajirudia peke yako: mtoto, mtoto, mtoto, mtoto, mpaka sauti ikakatika. Nilitaka niipate simu ile nimwonyeshe mimi ninavyonyoosha watu.

Jifunze Kiswahili chao. Ni kizuri, na kazi ni kazi, na watoto wa Tanzania wana haki ya kusikia maneno ya kwao. Lakini usije ukaamini kwamba huku ulikuwa umepinda. Sauti iliyomfanya babu yako afungue kinywa ilikuwa inasema "mutoto". Na kitu kimoja nakuomba, si ushauri, ni ombi. Watakuambia, kwa kuwa ni katuni, bana pua, sema kwa kisauti chembamba, cheza-cheza. Hivyo ndivyo wanavyofanya wanaodhani wanaosikiliza ni wajinga. Kataa. Wakikufokea, kataa tena. Mtoto wa mle ndani akiwa anamwogopa baba yake, aogope kweli. Ajuza akikohoa, akohoe kutoka chini ya mbavu.

Sasa ya leo. Nilimkuta baba mukubwa barazani, anakata kucha.

"Mama Faida, karibu. Iko shida?"

"Iko. Jana ulisema mutoto wangu anaenda mu mambo ya batoto."

"Ni kweli, nilisema."

"Na ile siku ulikuwa unalia kwa kigoda, ulikuwa mutoto?"

Akatazama geti kama lina mtu. "Siku gani?"

"Ile ya mutu kwa paa. Mujukuu wako alikuwa amelala."

Akaweka wembe chini. "Mi sikulia. Ilikuwa vumbi. We mwanamuke, nani alikutuma kuja kunitukana kwangu?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka jikoni. Mama mukubwa Daforoza, ambaye sijawahi kumsikia akimpinga mumewe hata juu ya chumvi, alisema bila kutoka nje:

"Ulilia."

"Daforoza!"

"Ulilia, na unalia. Ulinunua tele ingine juu ya kuangalia hiyo. Kila Siku ya Mungu nikienda kwa kanisa unasema mugongo unauma, unafunga mulango, unaangalia. Majirani wananiuliza kama kwetu kuko kilio."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Aliketi pale na vidole vyake vya miguu, kucha za mguu mmoja zimekatwa na za mguu mwingine bado, akawa mdogo. Nilingoja aombe msamaha. Nilikuwa nimetembea jua kali kwa ajili ya msamaha ule, nikuletee kama zawadi ya safari. Hakuutoa. Aliuokota wembe, halafu akasema, "Fidele hajapiga simu."

Nilikuwa na neno laini la kumpa. Lilikuwa tayari mdomoni, miaka yote huwa liko tayari. Nikalimeza.

"Mupigie we," nikamwambia, nikatoka, na sikumuaga mtu.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Sijisikii vizuri, najisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana siku nyingi: mguu bado unauma. Sijui atafanya nini. Sijui kama ukoo utaniita kikao. Wakiniita nitakwenda, na safari hii sitapakua wali.

Nimebakiwa na hasira moja zaidi, na hii haina mtu wa kumpelekea. Nimekasirika kwamba unakwenda. Nimekuzuia? Sikukuzuia, na nikikuona umeahirisha nitakusukuma mwenyewe ndani ya basi. Lakini ningekuwa na mtoto asiye na kipaji angebaki hapa anauza sabuni, ningemwona kila siku, na leo nimekaa kwenye benchi hili nakichukia kipaji chako kama mtu anavyomchukia mkwe. Niache nikichukie mpaka kesho asubuhi. Baada ya hapo nitakisifu mtaani kote.

Watoto walikuja leo kuniuliza Jumamosi nani atasoma. Nimewaambia nitasoma mimi. Walitazamana. Kifaransa changu unakijua. Pale nitakapoelewa, nitasoma; pale nisipoelewa, nitatunga; na Kabura akinikamata natunga, nitamwambia apande basi aende Dar es Salaam akamuulize Faida alisema nini yule mzee.

Nasikia sauti yako getini. Nywele zimekwisha. Nakuja.

Mama yako